Eda ya Nyumba Iliyoungua

Wanaomkumbuka Mama Mwalimu mtaani kwetu Gisenyi humkumbuka akiwa amekaa, na mimi pia. Alikaa juu ya kibao cha chini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, mguu mmoja ndani na mmoja kizingitini. Hapo alichambua mchele, alisomesha wasichana Kurani, aliamkiana na wapita njia na kugombana na mbuzi wa watu. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, waulizeni wengine. Mtaa wa Waswahili kila mtu alikuwa na hadithi yake ya Ujiji au Tabora, na robo ya hadithi hizo ilikuwa chumvi. Mimi nilikuwa mke wa dereva wa lori, nyumba yangu na yake zikitenganishwa na ua wa matete, na ninayoyajua ni niliyoyaona na kuyasikia kupitia ua ule miaka yote ya hamsini.

Jina lilitoka kwa mumewe, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alipokufa mume, jina likabaki kwa mjane, na kwa kweli lilimkaa vizuri zaidi. Marehemu alikuwa mpole, watoto walimpanda kichwani. Mama Mwalimu hakuwa mpole hata kidogo. Ukikosea herufi alikutazama tu, na ulitamani ardhi ipasuke.

Alikuwa msafi wa kukera. Sufuria zake alizisugua kwa makoro, yale mawe meusi yenye matundu ya mlima wa moto, mpaka zikawa nyembamba kama bati la kibiriti. Mgeni akinyanyuka kitini, yeye alikifuta kiti kabla mgeni hajafika barabarani. Mara moja nilimwambia ananiaibisha. Akanijibu, "Bibi Dereva, mi sikufuti we. Nafuta kiti." Alikuwa ananiita hivyo, Bibi Dereva, kwa kunitania, maana mume wangu alikuwa mara Ruhengeri, mara Kigali, na mimi sikuwahi kupanda lori lile hata siku moja.

Na mwanamke huyo msafi ndiye ambaye Mungu alimletea masizi.

Alikuwa kwenye eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya marehemu miezi minne na siku kumi, kwa nguo nyeupe, bila uturi wala wanja, na hatoki ila kwa dharura. Asubuhi moja ya upepo wa ziwani, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia alikung'uta pasi yake uchochoroni. Sote tulikuwa tunakung'uta pasi zetu uchochoroni, kwa hiyo baadaye hakuna aliyethubutu kumlaumu kwa sauti. Kaa moja likaruka juu ya jiko la Mama Mwalimu, lililoezekwa nyasi, na kutoka jikoni moto ukapanda paa la nyumba kubwa, nalo pia lilikuwa la nyasi.

Wanaume wakaja mbio na ndoo. Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo wageni wa mtaa wetu hawaliamini. Mama Mwalimu hakutoka. Niliingia nikamkuta amesimama katikati ya chumba, moshi umemfika kifuani, anatafuta kitu sandukuni.

"Toka, Mama! Unatafuta nini?"

"Mutandio. Wanaume wako inje. Mi niko mu eda."

"Utakufa!"

"Nikufe uchi mbele ya batu?"

Uchi gani! Alikuwa amevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine. Nilimrushia jamvi kichwani, nikamkokota hadi ua wa nyuma, nikaupiga teke ule ua wa matete, tukaangukia kwangu. Hivyo hakupita mlango wa mbele, wala mwanamume hakumwona uso. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa kuliko nilivyofikiri siku ile, nilipokuwa nikilia kwa hasira na moshi.

Jioni ile ile shemeji yake alifika. Alikuwa mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa ngozi kule Nyamyumba, mtu wa maneno laini na kanzu safi. Aliketi upande wa pili wa pazia langu, akalia kidogo, akajipangusa, kisha akasema, "Shemeji, mutu hakae mu majivu. Kuya kwangu. Shehe amesema dharura inaruhusu, eda utamalizia kule. Na ile kiwanja, mi nitaiangalia."

Ni kweli shehe alisema hivyo, nilikuwepo. Sheria ilikuwa upande wa shemeji, na huruma ya mtaa wote pia. Mama Mwalimu alikunywa maji taratibu, akamaliza, akanipa kikombe.

"Asante, shemeji," alisema. "Lakini chumba ya nyuma haikuungua. Marehemu aliniacha mu nyumba yake. Mi niko mugonjwa wa kufiwa, mi siende mbali."

Kabla ya magharibi alipita tundu la ua nililolipasua, akaingia kwenye ghala la nyuma, lililookolewa na dari lake la udongo, akatandika jamvi kati ya debe la mafuta na magunia ya mahindi. Mtaa mzima ukasifu dini yake: hata siku ya moto hakutoka kwa mlango wa mbele. Wazee walitikisa vichwa msikitini kwa kustaajabu, na mama mkwe wangu akanitolea mfano wake wiki nzima hadi nikachoka.

Mimi peke yangu niliambiwa ukweli, na niliambiwa kwa kunong'onezwa. "We unazani mi ni mushika dini sana? Nikitoka, nyumba imetoka. Kwa shemeji nitakuwa mugeni, na mugeni siku ya tatu anapewa jembe. Huku, mukubwa wa mutaa akiona kiwanja haina mutu, anaiandika kwa mwingine. Na mwingine ni nani? Iko na kanzu safi." Kisha akaongeza neno ambalo nililisikia kwake mara nyingi baadaye. "Moto umekula paa. Haukukula mulango."

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Goma. Nyumba ile ilikuwa ya binti huyo, alisema. Si ya shemeji wala si yake mwenyewe. Kiwanja kikienda, mtoto wake hatakuwa na pa kurudi siku mume akimfukuza, na waume, alisema, hawatabiriki. Alinitazama aliposema hivyo na mimi nikatazama pembeni.

Basi tukasafisha. Nimesikia watu wakisema baada ya moto unajenga upya. Ni uongo. Baada ya moto unabeba majivu kwanza, na majivu hayaishi. Wanawake tulikuja na mabeseni, tukazoa nyasi zilizoungua, tukazoa vipande vya nguzo. Halafu mvua ikanyesha juu ya vyumba visivyo na paa, na maji meusi yakatiririka hadi barabarani. Nilipiga chafya za masizi mwezi mzima. Kuta zilikuwa za udongo, haziwezi kuoshwa, kwa hiyo tulizikwangua kwa ncha ya panga, shibiri kwa shibiri, kisha tukazikandika udongo mpya uliochanganywa na samadi. Mama Mwalimu hakuweza kutoka kwenye ghala mchana wakati mafundi wapo. Aliyajua yote kwa pua na masikio.

"Mumefika kwenye kona ya kitanda," alisema kupitia mlango. "Nasikia. Kwangueni tena, bado inanuka."

Fundi wa kuezeka na kukandika alitoka Nyakiriba, Mkristo, mtu wa utani. Kila chumba kilipokwisha, alitoka nje na vijana wake, sisi tukashika kanga ziwe pazia, na Mama Mwalimu akahamia chumba hicho kipya ili wao wamalizie kile alichotoka. Nyumba ilijengwa ikimzunguka hivyo, chumba baada ya chumba, na fundi hakumwona hata kidole. Alimsikia tu. Siku moja alishuka ngazi, akashika kiuno.

"Yewe, Mama," aliita kwenye pazia, "mi najengea mutu ao najengea sauti?"

"Jengea sauti," pazia likajibu. "Mutu atakuya nyuma."

Tulicheka mpaka fundi akakaa chini. Hata shemeji, aliyekuwa amepita kusalimia, alicheka. Alipita kusalimia kila siku, yule. Aliinama kidogo alipotoa salamu, kama anayeheshimu, na macho yake yakapita juu ya bega lako kuhesabu nguzo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sitaki mseme nimemchora malaika. Alikuwa na haraka iliyomponza. Siku zilipokaribia za kutoka eda, tulisikia mkubwa wa mtaa atapita kutazama viwanja, na chumba cha mbele kilikuwa hakijakwanguliwa bado. Kila mwanamke wa kwetu anajua huwezi kupaka chokaa juu ya masizi. Yeye alijua kuliko sisi. Akaamuru tupake. "Ionekane nyeupe, donc, basi iko na mutu," alisema. Tukapaka. Mkubwa wa mtaa akaja, akaona nyumba nyeupe na sufuria jikoni, akaenda zake ameridhika. Wiki hiyo hiyo masizi yakaanza kurudi, manjano kwanza, kisha kahawia, yakapanda ukutani kutoka chini. Alibandua chokaa na kupaka upya kabla ya kila Ramadhani, na kila mara yakarudi. Mwanamke aliyefuta viti vya wageni aliishi na ukuta mchafu sebuleni kwake, na ole wako ukiutazama.

Siku ya kutoka eda tulimwogesha, tukamvisha nguo ya rangi, tukapika pilau. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulimfungulia mlango wa mbele ili atoke mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Alifika kizingitini, akaweka mguu mmoja nje, akatazama njia, upande huu na upande ule. Kisha akaomba kibao akaketi pale pale. Sisi tuliona ni uchovu. Hakuna aliyejua kwamba tunamwona mahali atakapokaa miaka.

Nani atamlaumu? Mara moja tu katika mwaka wa kwanza alikwenda msibani, nyumba ya msiba si mbali, na alikawia kwa ajili ya dua. Aliporudi alikuta chumba cha mbele kimejaa mizigo ya ngozi za ng'ombe, mibichi nusu, inanuka hadi unashika ukuta. Shemeji alikuwa ameiweka "kwa siku mbili tu, ghala langu linavuja." Ngozi zikishalala kwako, kesho analala mlinzi wa ngozi, na kesho kutwa mlinzi ana mke. Mama Mwalimu hakupiga kelele. Alivua mtandio wa msibani, akaanza kuburuta mzigo mmoja mmoja hadi barabarani, mvua ikinyesha. Nilimsaidia kwa muda, nikatapika, nikaendelea. Ngozi ziliharibika. Shemeji alikuja, akaziona zinaelea matopeni, akamtazama shemeji yake aliyeloa chapachapa.

"Kumbe haukuniita nikuje kuondoa?" alisema.

"Nimeona uko na kazi mingi, shemeji," akamjibu. "Karibu chai."

Na akanywa chai, wallahi! Kila Idi Mama Mwalimu alimpelekea sahani yake ya pilau, ya kwanza kabisa, yenye nyama nzuri. Nilimuuliza ni unafiki gani huo. Akasema, "Ni ndugu ya mume wangu. Sahani iko yake. Nyumba hapana." Sikuwahi kumwelewa vizuri hapo, na bado simwelewi.

Lakini tangu siku ya ngozi hakutoka tena. Maji alitekewa. Sokoni alituma. Mgonjwa wa jirani alimwombea dua kutoka kibaoni. Ukimwambia, "Mama, twende ziwani mara moja tu, tupunge upepo," alijibu kwamba upepo wa ziwa anaujua, uliwahi kumtembelea. Nilimhurumia. Siku nyingine nilimchukia pia, nasema kweli, kwa sababu kumtazama kulinifanya nihesabu kuta zangu mwenyewe, mimi niliyekuwa nikingoja lori. Tulikuwa wanawake wawili na milango miwili. Yeye angalau alijua anachokilinda.

Kilichouma kuliko vyote ni Goma. Goma si safari. Ukitoka kwetu baada ya alasiri, unapita barieri ya mpakani, askari anakuuliza habari za nyumbani, na magharibi inakukuta kwa wenyeji wako ukivua viatu. Binti yake alikaribia kujifungua mimba ya kwanza wakati nyumba bado ni majivu. Kwa desturi angekuja kujifungulia kwa mama yake. Angelala wapi? Wakwe wakamzuia, wakamzalisha wao. Alizaliwa mtoto wa kike, dhaifu wa kifua, asiyeweza kusafirishwa kwenye baridi. Binti akatuma salamu, Mama aje. Mama akatuma sabuni, unga wa uji, kanga mbili. Binti akatuma tena. Mama akatuma asali.

Mjumbe nilikuwa mimi. Nilikwenda na bahasha za dawa za mitishamba na nikarudi na maneno ambayo nilikuwa nayapunguza makali njiani. Mara ya mwisho sikuyapunguza, maana nilikuwa nimechoka. Binti alisimama mlangoni kwake, mtoto mgongoni, akaniambia, "Mwambie Mama, kama ile nyumba iko mutoto wake, ainyonyeshe."

Nilimfikishia kama yalivyo. Mama Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baadaye niligundua alikuwa akitoa punje nzima na kuacha mawe, ungo mzima. Sikumwambia. Niliuchukua ungo nikaurudia kwangu.

"Iko hasira ya mutoto," alisema mwishowe. "Siku moja atakuya hapa na sanduku yake, atakuta mulango. Atanishukuru."

"Na asipokuja?"

Akaanza kumfokea mbuzi aliyekuwa mbali, hana kosa.

Sasa nifikie siku ile, maana tangu nianze naizunguka. Miaka ilikuwa imepita. Mtoto wa Goma kifua kilipona, alikuwa anakimbia na kusema. Asubuhi moja Mama Mwalimu alipita tundu la ua, ambalo hatukulifunga kamwe, akiwa amevaa buibui na viatu vya kufunga. Sikuwa nimewahi kumwona na viatu.

"Bibi Dereva, unikalie."

"Nikukalie wapi?"

"Pale. Kwa mulango. Nimeota nimekufa, na mwanangu anauliza batu kaburi iko wapi. Naenda narudi."

Hakungoja nijibu, alijua akingoja atabadili nia. Nilikwenda nikaketi kwenye kibao chake, mgongo kwenye mwimo. Alitembea katikati ya barabara kama mtu anayevuka mto asioujua kina, watu wakitoka milangoni kumtazama, hadi akakata kona.

Sijui nieleze vipi mchana ule. Nilidhani nitakaa nimepumzika. Kabla ya adhuhuri nyayo zote njiani nilidhani ni za shemeji. Nilisikia harufu ya maharage yangu yakishika chini, jikoni kwangu, hatua chache tu upande wa pili wa ua, na sikuinuka. Nilijiambia, inuka mjinga wewe, ni dakika moja. Sikuinuka. Maharage yakaungua na sufuria yake.

Alasiri akaja kweli. Alikuwa amezeeka, kanzu bado safi. Aliona mlango una mtu mwingine, akasimama wima kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mwenye nyumba iko wapi?"

"Leo ni mimi."

"We iko na nyumba yako."

"Iko. Na hii nimeambiwa nikae."

Akasema basi atamngojea. Akaagiza kiti kwa fundi cherehani, akaketi ng'ambo ya njia, uso kwa uso nami, mikono juu ya fimbo. Nilibanwa na haja ndogo nikavumilia. Nikafikiri: miaka yote hii alikuwa hivi, kila siku, na sisi tukimwita mshika dini.

Mama Mwalimu alirudi mwadhini akiwa bado hajaadhini magharibi. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Shemeji akanyanyuka.

"Shemeji, umetoka!"

"Nimetoka, shemeji. Habari ya nyumbani?"

"Muzuri."

"Alhamdulillahi. Usiku mwema."

Akamsubiri mpaka akaenda. Nilimpisha kwenye kibao, hakukaa. Alisimama barabarani, akiitazama nyumba yake yote, paa hadi msingi, na nadhani tangu ijengwe hakuwa ameiona kutoka mahali pale.

"Umemuona mtoto?" nikamuuliza.

"Nimemuona. Amejificha nyuma ya mama yake, ameuliza, huyu ni nani." Akaviweka viatu chini. "Mwanangu amemwambia, ni mama mumoja wa Gisenyi."

Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke bila kuyafuta. Nilitaka kusema kitu kuhusu nyumba, kwamba ipo, kwamba hakuna aliyeingia. Nikaona haya kulisema.

"Kesho utanikalia tena?" akaniuliza.

"Nitakukalia."

"Na kesho kutwa?"

"Mpaka akujue," nikamwambia.